Kanzidata Ianzie Mwaloni Kibirizi

Chombo cha dagaa kilicholala ufukweni usiku wa mbalamwezi, na chombo kilichoingia ziwani usiku wa giza kikarudi alfajiri bila hata ndoo moja, vinaweza kuandikwa kwa namna ileile katika daftari la mwalo, yaani la mahali vyombo hushushia samaki, kwa kistari kifupi au kwa nafasi kuachwa tupu, ilhali matukio hayo mawili hayana undugu. Cha kwanza hakikuvua, maana taa za kuvutia dagaa hazifai penye mwezi; cha pili kilivua, kikachoma mafuta, kikachosha watu na kisipate kitu. Mwanafunzi anayeiona tofauti hiyo kabla hajagusa kompyuta ameshashika nusu ya elimu ya kanzidata, na yule anayejua kubofya kila kitufe cha programu lakini akajaza sifuri katika nafasi zote mbili atatoa, upesi na kwa chati ya rangi za kupendeza, majibu ya uongo. Hoja ya makala haya ni kwamba mafunzo ya kanzidata katika Kigoma, Ujiji na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika yanapaswa kuanzia kwenye tofauti kama hiyo, ambayo wavuvi na makarani wa mialo wanaijua tangu zamani, na vitufe vifuate baadaye.

Kanzi ni hazina, na kanzidata kwa maana ya neno lenyewe ni hazina ya data, ingawa hazina isiyopangwa haitofautiani sana na lundo. Kitaalamu ni mkusanyiko wa taarifa uliowekwa katika majedwali, ambapo kila mstari, unaoitwa rekodi, hubeba habari za kitu kimoja au tukio moja, na kila safu, inayoitwa uga, hubeba sifa ya aina moja tu, kama vile tarehe, uzito au bei. Wazo la kuyatenga majedwali kisha kuyaunganisha kwa thamani zinazolingana lilielezwa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya IBM huko California, wakati kompyuta zilikuwa mashine za taasisi kubwa. Programu ya mezani, yaani ile inayokaa ndani ya kompyuta moja na kufanya kazi bila seva wala intaneti, ilienea kuanzia mwaka 1980 kwa dBASE II ya kampuni ya Ashton-Tate. Microsoft ikatoa Access mwaka 1992, na mwaka 2005 mradi wa OpenOffice ukaongeza Base katika toleo lake la 2.0, programu ambayo sasa imo katika LibreOffice. Inasikitisha kidogo kwamba Jambo OpenOffice, iliyofanywa kwa Kiswahili na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, ilitangulia toleo hilo, kwa hiyo mtumiaji wa Kiswahili alipata maneno ya kuandikia barua na kujumlishia hesabu, lakini sehemu ya kanzidata ilikuwa bado haijaingia katika programu yenyewe.

Tangu Access ianze kusambaa, kizazi baada ya kizazi cha wanafunzi duniani kimejifunza kwa mfano wa Northwind, kampuni ya kubuni inayonunua na kuuza vyakula nchi za nje, ambayo Microsoft iliifungasha pamoja na programu hiyo. Mfano huo umepangwa vizuri, na hiyo ndiyo kasoro yake: mwanafunzi hukuta majedwali yamekwisha kutenganishwa, majina yamekwisha kusahihishwa na kila oda ina mteja wake, hivyo hujifunza kukaa katika nyumba ambayo hakuona ikijengwa. Kazi ngumu, ambayo ni kuamua kitu gani kihesabiwe kuwa kitu kimoja, kipewe jina gani na kitofautishwe vipi na kinachofanana nacho, ilifanywa na mtu mwingine kabla ya somo kuanza. Kijana wa Ujiji akimaliza kozi ya namna hiyo anaweza kutengeneza fomu yenye nembo na vitufe vitatu, kisha akaletewa daftari la mwalo lenye kurasa zilizolowa maji asijue aanzie wapi.

Daftari hilo ndilo darasa. Karani anayepokea vyombo asubuhi katika mwalo kama wa Kibirizi huandika tarehe, jina la chombo, jina la mwenye chombo, aina ya samaki, idadi ya ndoo na pengine bei, yote katika mstari mmoja, na kwa matumizi ya siku hiyo mstari huo unatosha. Ukihamishwa ulivyo katika kompyuta, matatizo hujitokeza ndani ya wiki ya kwanza: mwenye chombo ni Abdallah Jumatatu, Abdala Jumatano na Abdalah Ijumaa, na kompyuta, ambayo haina adabu ya kukisia, huwahesabu kuwa watu watatu; vyombo viwili vina jina moja, kwa sababu majina ya kumshukuru Mungu hayana hatimiliki; na chombo kikiuzwa, jina la mwenye chombo hubadilika katika mistari mipya huku ile ya zamani ikibaki kama ilivyo, hadi isijulikane kama ni chombo kimoja kilichouzwa au ni viwili.

Dawa yake ni kuivunja orodha. Jedwali la kwanza huwa la vyombo, ambapo kila chombo kina mstari mmoja na namba isiyorudiwa, inayoitwa ufunguo msingi, ambayo haibadiliki hata chombo kikipakwa rangi mpya na kupewa jina jipya. Jedwali la pili huwa la safari, yaani kila usiku ambao chombo fulani kimeingia majini, nalo halirudii jina la chombo wala la mwenyewe, bali hubeba namba ya chombo tu, na namba hiyo inapokaa katika jedwali la ugenini huitwa ufunguo wa kigeni. Jedwali la tatu huwa la mavuno, kwa kuwa safari moja inaweza kuleta dagaa na migebuka kwa pamoja, na kila aina inastahili mstari wake. Uhusiano huu, ambapo chombo kimoja kina safari nyingi na safari moja ina mavuno ya aina kadhaa, ndio unaoitwa uhusiano wa kimoja kwa vingi, na ukishaeleweka kwa chombo na safari zake huwa umeeleweka pia kwa mama na watoto waliochanjwa, kwa mnada na mafungu ya samaki, na kwa shule na wanafunzi. Mji wa Kigoma una kielelezo cha zamani cha wazo hili la kutenga kisha kuunganisha: meli ya Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa, ikasafirishwa katika masanduku yapatayo 5,000 na kuunganishwa upya Kigoma, ambapo ilishushwa majini mwaka 1915. Shehena kama hiyo haiungiki kuwa meli kama hakuna anayejua kipande kipi kinashikana na kipi.

Jedwali la nne, la aina za samaki, linafaa kutazamwa kwa karibu zaidi, kwa sababu hapo ndipo ziwa lenyewe linapomfundisha mwanafunzi. Ziwa Tanganyika ni la nchi nne, na samaki wanaovuka mipaka usiku hubadilishiwa majina asubuhi: dagaa wa Kigoma ni ndagala Bujumbura na Uvira, na ni kapenta akifika Mpulungu upande wa Zambia; na mgebuka wa Tanzania ni mukeke wa Burundi. Tena neno dagaa hujumuisha samaki wa aina mbili ambazo wanasayansi huziita Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, na mchuuzi mzoefu huweza kuzitenga kwa jicho, ilhali daftari linaweza kuzimeza katika neno moja. Jedwali la marejeo, yaani orodha fupi ambayo majedwali mengine huchota kutoka kwayo badala ya kila karani kuandika analopenda, huipa kila aina namba moja na kuacha nafasi kwa majina yake yote. Uamuzi wa kutenga au kutotenga aina hizo mbili za dagaa hauwezi kufanywa na programu. Ni uamuzi wa mtu anayewajua samaki, na hapa mchuuzi wa mwalo wa Katonga ana elimu ambayo mwalimu wa kompyuta aliyetumwa kutoka Dar es Salaam hana.

Majedwali yakishasimama, kazi ya kanzidata huwa ni kuulizwa. Swali linalopelekwa kwenye kanzidata huitwa ulizo, na katika programu za mezani huweza kutungwa kwa kuchagua nyuga kwenye skrini au kwa kuandika sentensi katika lugha ya SQL, ambayo ndiyo lugha ya maulizo inayotumika karibu kila mahali. Hapo sifuri na nafasi tupu hurudi kudai haki yao. Uchukuliwe mfano wa kubuni wa chombo kilichofuatiliwa kwa siku 30, kikaingia majini usiku 18, kikarudi kitupu mara mbili kati ya hizo, na kwa jumla kikaleta ndoo 180. Wastani wa kweli kwa kila usiku wa kuvua ni ndoo 10. Kama usiku 12 wa mbalamwezi umeandikwa sifuri, programu itagawa kwa 30 na kutoa ndoo 6. Kama safari mbili zilizokosa zimeachwa tupu, programu, ambayo katika kutafuta wastani huruka nafasi tupu lakini huhesabu sifuri, itagawa kwa 16 na kutoa ndoo 11 na robo. Majibu matatu yametoka katika usiku uleule na dagaa walewale, na hakuna hata moja ambalo kompyuta itaonya kwamba lina shaka.

Jambo hilo si la darasani tu. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024 shughuli za uvuvi zilisimamishwa katika ziwa hilo upande wa Tanzania, kwa lengo la kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana na kukua, na miezi mitatu bila uvuvi ni mzigo uliobebwa hasa na jikoni za wavuvi, wachuuzi na wanawake waanika dagaa. Swali ambalo kila mmoja wao ana haki ya kuuliza ni kama mavuno kwa kila usiku wa kuvua yaliongezeka baada ya ziwa kufunguliwa, na jibu lake haliwezi kutoka katika jumla ya tani peke yake, kwa kuwa tani zinaweza kupanda kwa sababu vyombo vimekuwa vingi au usiku wa kuvua umeongezeka. Linahitaji jedwali la safari, pamoja na zile zilizorudi tupu. Kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi, kile wavuvi wanachokiita BMU, chenye jedwali kama hilo la mwaka mmoja kabla na mwaka mmoja baada, kitakaa mkutanoni na maofisa kikiwa na hoja ya namba zake, ambapo kisicho nalo kitakaa na malalamiko, hata kama malalamiko hayo ni ya kweli.

Wako watakaosema kwamba uandishi wa nidhamu namna hiyo ni mgeni kwa mwambao huu, na hao wanajibiwa na Gombe, hifadhi ya sokwe inayofikiwa kwa boti zinazoondokea Kibirizi hiyohiyo. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefariki tarehe 1 Oktoba 2025, alifika huko Julai 1960 na daftari lake, lakini kumbukumbu za muda mrefu za sokwe wa Gombe ni kazi ya mikono mingi. Mwezi Mei 1975, baada ya wanafunzi wanne kutekwa na waasi waliovuka ziwa kutoka Zaire, watafiti wa kigeni waliondoka kwa wingi, na uandishi wa kila siku ukabaki kwa wafanyakazi Watanzania, ambao waliuendeleza kwa Kiswahili. Utaratibu wao ungempendeza Codd: sokwe mmoja huchaguliwa na kufuatwa, ikiwezekana tangu anapoamka katika kiota chake hadi anapolala katika kingine, mahali alipo huandikwa kila baada ya dakika 15, na saa ambayo kila mwenzake anajiunga na kundi au kuliacha huwekwa pamoja na alichokula. Mmoja wa wafanyakazi hao, Hilali Matama, ndiye aliyeshuhudia Januari 1974 madume wa kundi la Kasakela wakimvamia dume Godi wa kundi la Kahama, tukio lililofungua miaka minne ya mauaji ambayo watafiti wameyaita vita.

Gombe pia inafundisha kuhusu funguo. Kwa desturi ya hapo mtoto hupewa jina lenye herufi ya kwanza ya jina la mama yake, na ndiyo maana ukoo wa jike Flo una Fifi, Figan, Flint, Freud na Frodo, mpango unaomsaidia binadamu kukumbuka undugu, lakini unaoweza kumponza mwandishi mvivu anayefupisha jina kwa herufi moja. Na kule nako sifuri haiwi nafasi tupu, kwa maana sokwe asiyeonekana leo si lazima awe amekufa, huenda yuko upande wa pili wa bonde, na daftari lisilotofautisha “hakuonekana” na “hakufuatwa” haliwezi kusema lolote kuhusu maisha yake.

Karatasi za Gombe zilianza kuingizwa katika kanzidata za kompyuta miaka ya 1990 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, na baadaye zikahamia Chuo Kikuu cha Duke, vyote viwili vya Marekani. Mwaka 2018 Joseph Feldblum na wenzake walichapisha utafiti uliotumia kumbukumbu za sokwe waliofika kwenye kituo cha kulishia miaka ya mwisho ya 1960 na ya mwanzo ya 1970, wakapima nani alikuwa akifika na nani, na wakaona kwamba mgawanyiko wa kundi kuwa Kasakela na Kahama ulianza kuonekana mwaka 1971, ukihusishwa na ushindani wa dume Humphrey dhidi ya madume Charlie na Hugh pamoja na uhaba wa majike. Aliyeandika mahudhurio yale hakuwa na swali hilo kichwani. Aliandika nani kafika, lini, na iliyobaki ikawa kazi ya ulizo lililotungwa miaka zaidi ya 40 baadaye. Hakuna haja ya kulia kwamba karatasi zilikwenda Marekani, kwani huko zilipata hifadhi na watu wa kuziingiza mstari kwa mstari. Hata hivyo ni halali kuuliza kwa nini mkoa uliotoa waandishi hodari kiasi hicho usiwe pia mkoa wa kutoa watunzi wa majedwali na watunga maulizo.

Kuhusu vifaa hakuna mengi ya kusema. Access inahitaji Windows na leseni ya kulipia, na nakala za wizi zinazozunguka kwenye flashi huja na virusi vyake. LibreOffice Base ni ya bure. Excel na ndugu zake, yaani lahajedwali, ni nzuri kwa hesabu lakini hazilindi uhusiano kati ya orodha na orodha, na zinaweza kuumbua hata mataifa tajiri: mwaka 2020 mamlaka ya afya ya umma ya Uingereza ilishindwa kuripoti kwa wakati maambukizi 15,841 ya korona kwa sababu faili la muundo wa zamani lilifika kikomo cha mistari na mengine yakaachwa nje. Faili la Access lina kikomo cha gigabaiti 2, nacho hakimhusu karani wa mwalo, maana vyombo 100 vikivua usiku 20 kila mwezi huzaa mistari 24,000 kwa mwaka, na kama kila mstari unachukua baiti 100, faili litajaa baada ya miaka mia nane hivi. Lakini umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili hilohilo linaweza kuharibika kesho asubuhi. Kwa hiyo nakala ya akiba, inayowekwa kila jioni kwenye kifaa kingine na kufungwa katika jengo jingine, ifundishwe siku ya kwanza, kabla ya fomu na nembo. Na kwa kuwa majedwali haya yana majina na kipato cha watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu karani kama inavyoihusu benki.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba zama za programu ya mezani zimepita, kwa kuwa wizara zina mifumo ya mtandaoni, na takwimu za vitabu vya MTUHA vya zahanati zimekuwa zikiingizwa katika mfumo wa DHIS2 kwa zaidi ya miaka kumi. Ni kweli, na hakuna anayependekeza kila kijiji kijitengenezee wizara yake. Lakini anayejaza mfumo wa mbali bila kuwahi kujenga jedwali hujaza kama anayelipa deni la mtu mwingine; hajui kwa nini nafasi fulani haikubali kuachwa tupu, na akikutana na nafasi inayomlazimisha kuandika sifuri mahali pasipo na sifuri hana lugha ya kulalamikia. Mwaka 2016 Manispaa ya Kigoma Ujiji ilikuwa miongoni mwa serikali 15 za ngazi za chini duniani zilizochaguliwa kuufanyia majaribio mpango wa kimataifa wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi, na mwaka uliofuata Tanzania ikajitoa katika mpango huo. Mipango ya aina hiyo huja na kuondoka kwa uamuzi wa wakubwa, ilhali mtu aliyejifunza kutenga chombo na safari zake hanyang’anywi ujuzi huo kwa barua.

Vyuo vya ufundi, vituo vya mafunzo ya kompyuta na walimu wa sekondari wa mkoa wa Kigoma wanaombwa, basi, waiweke Northwind kando kwa muhula mmoja, wawape wanafunzi madaftari na penseli, na wawaamshe mapema. Programu ya bure ipo, daftari ni shilingi chache, na vyombo vya usiku hurejea Kibirizi kila alfajiri, isipokuwa wakati wa mbalamwezi.